Mfuniko wenye tundu, wa vali au bomba la hewa: tanki la gari la zamani lipumulie wapi?

Muuzaji wa spea aliweka mfuniko mpya wa kufuli kwenye kaunta, kando ya ule wangu wa zamani, akavigeuza vyote viwili juu chini. "Mjomba, hii ni ileile," akaniambia, "ila hii wezi hawafungui." Kwa macho alikuwa sahihi. Mdomo uleule, masikio yaleyale ya ndani ya kukamatia shingo ya tanki, gasketi nyeusi ileile. Nami nilikuwa nimechoka kunyonywa petroli usiku pale Shangani, Mtwara. Nikalipa, nikaondoka.

Alfajiri iliyofuata nikajaza tanki mpaka mdomoni, nikashika njia ya Newala. Gari langu ni Land Rover Series III, lile fupi la inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25, tanki lake liko chini ya kiti na linabeba galoni 10 za Kiingereza, yaani lita 45 hivi. Naliendele nikapita vizuri. Kabla ya Mnivata likaanza kukohoa, likapungua nguvu, likazima. Nikafungua boneti, nikagonga pampu, nikafungua chujio nikalipuliza. Linawaka, linakwenda mita mia mbili, linazima tena. Dereva wa lori la korosho akasimama kunisaidia, na injini hakuigusa kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa tanki, akaufungua taratibu. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu, na bati la tanki likalia "do!" kama debe linalorudi umbo lake.

"Umelikaba, kaka," akasema. "Halipumui."

Siku ileile, adhuhuri, nikaona upande wa pili wa ugonjwa huohuo. Nilijaza tena Newala, nikafunga mfuniko, nikaacha gari juani kwa saa mbili. Niliporudi kuufungua, petroli ilinirukia kifuani. Asubuhi tanki lilikuwa linavuta, mchana linasukuma, na kosa ni lile moja: mfuniko mpya ulikuwa umezibwa kabisa, hauna njia ya hewa.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi na wenye magari ya zamani wa Mtwara na Lindi: ninunue mfuniko gani? Swali lenyewe ni pungufu. Mfuniko ni nusu ya mpango wa hewa, nusu nyingine imo kwenye tanki lenyewe, na ukinunua nusu moja bila kuitazama nyingine ndiyo unaishia kando ya barabara kama mimi.

Tanki lina pumzi mbili

Pumzi ya kwanza ni ya kuvuta. Kila lita inayokwenda kwenye kabureta lazima nafasi yake ijazwe na lita ya hewa. Land Rover langu linakula lita moja kwa kilomita sita hivi, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa linahitaji lita 10 za hewa kwa saa nzima. Hiyo ni hewa kidogo sana, tundu la milimita moja linatosha. Lakini likikosekana hata hilo dogo, ombwe, yaani upungufu wa hewa, linajengeka ndani mpaka pampu ishindwe kuvuta. Na angalia jambo hili: tanki lililojaa ndilo hukaba upesi, kwa sababu hewa iliyobaki juu ya petroli ni ndogo na hutanuka mara mbili yake baada ya lita chache tu. Ndiyo maana watu husema "gari linasumbua nikijaza, nikiweka lita kumi halisumbui," halafu wanalaumu mafuta ya sheli.

Joto nalo huficha ugonjwa. Juani petroli hutoa mvuke mwingi, mvuke ule unajaza sehemu ya ombwe, gari linakwenda. Usiku, au mvua ikinyesha tanki likapoa, mvuke unapungua na gari linakata. Mtu anabadilisha koili na plagi kwa sababu "linasumbua likipata baridi", kumbe ni mfuniko.

Pumzi ya pili ni ya kutoa. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.095 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Petroli ya sheli inatoka tanki la chini ya ardhi, penye ubaridi kuliko juu. Ukijaza lita 45 zikiwa na nyuzi 27, kisha gari likakaa juani mpaka zikafika 45, umeongeza zaidi ya robo tatu ya lita bila kulipa senti. Bati la tanki nalo linatanuka, ila kwa joto hilohilo linapata kama vijiko viwili tu vya chakula. Iliyobaki itafute pa kwenda. (Wale wanaojaza alfajiri ili "wapate petroli iliyokaza" hawapati kitu cha maana, maana ardhini joto halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana.)

Sisi wa huku tuna na la tatu, mwinuko. Kutoka bandarini Mtwara hadi Newala unapanda mita 700 hivi, na presha ya hewa ya nje hupungua kwa karibu asilimia 8. Tanki lililozibwa Newala likashushwa pwani hubanwa kwa tofauti hiyo. Kwenye bati la sentimita 40 kwa 60 ni kama kilo 190, watu wazima watatu wamesimama juu yake, na hapo hatujahesabu ombwe la petroli iliyotumika njiani.

Mfuniko wenye tundu

Huu ndio wa asili kwa magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960. Ndani yake kuna kitundu kidogo, mara nyingi kimefichwa nyuma ya kibati cha kuzuia petroli isichape moja kwa moja. Uzuri wake: bei ndogo, hauna springi ya kufa, na fundi yeyote anauelewa. Ukiziba, unausafisha kwa waya mwembamba.

Ubaya wake unajionyesha zaidi huku pwani kuliko kule ulikotengenezwa. Chumvi ya bahari inakula chuma, kutu inaziba kitundu. Vumbi la barabara za ndani linaingia. Mvua zetu zinazoanza Novemba au Desemba mpaka Aprili zikikuta mfuniko umelala chali mahali wazi, maji yanaingia polepole na kwenda kukaa chini ya tanki, ambako yanaanza kutu ya pili. Na ukijaza mpaka mdomoni kisha ukapiga kona ya Mingoyo kwa kasi, petroli inachuruzika ubavuni na kula rangi.

Nauchagua kwa gari ambalo mdomo wa tanki uko nje, ubavuni, na umesimama wima au umeinama kidogo. Kwa gari ambalo mdomo uko ndani ya boneti au ndani ya chumba cha abiria, hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, unashuka sakafuni na kulala hapo, na unashika moto hata ukiwa katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Lindi. Kwenye Land Rover za mwanzo kabisa ulikuwa unainua kiti ndipo ujaze. Kwenye Volkswagen Beetle za kabla ya modeli ya 1968 unafungua boneti ya mbele, na tanki limekaa karibu na dashibodi. Huko tundu wazi ni kujitafutia kichwa kuuma, au balaa.

Mfuniko wa vali mbili

Kwa nje unafanana na uliozibwa, lakini ndani kuna vali mbili ndogo. Moja hufunguka kirahisi kuingiza hewa, nyingine ina springi na hufunguka tu presha ya ndani ikizidi kiasi fulani. Wakati gari limetulia zote zimefungwa, kwa hiyo harufu ni ndogo, mvua haiingii, na petroli haimwagiki kirahisi konani.

Kama tanki lako halina njia nyingine ya hewa na hutaki kulitoboa, huu ndio ningekuambia ununue. Shida iko kwenye ununuzi. Ukiwa dukani, wa vali na uliozibwa kabisa ni mapacha. Usimwulize muuzaji, ujaribu mwenyewe: ugeuze, tafuta kitundu au kisahani cha raba katikati upande wa ndani, kisha ubonyeze kisahani kwa ncha ya njiti. Kikizama kidogo na kurudi, kuna vali. Ukikuta bati tupu lisilo na kitu, hauna pumzi. Njia nyingine ni kubana kipande cha mpira safi kwenye kitundu na kuvuta pumzi kidogo. Ufanye hivyo kwa mfuniko mpya, mkavu, ambao haujagusa petroli, si ule uliotoka kwenye tanki.

Vali nazo huchoka. Raba inaganda, mchanga mwembamba unaingia chini yake, na kuna siku moja kati ya hizo mbili inakwama. Ikikwama ya kuingiza utaijua kwa gari kukata. Ikikwama ya kutoa utaijua kwa kabureta kufurika: presha ya tanki inasukuma petroli kupita pampu na kuishinda sindano ya kabureta inayozuia petroli isiingie kupita kiasi, gari linanuka, linatoa moshi mweusi, linagoma kuwaka likiwa la moto. Mafundi wengi hapo hufungua kabureta kwanza. Fungua mfuniko kwanza, ni bure.

Mfuniko uliozibwa na bomba la hewa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipoishia, na ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Kwanza tusichanganye mabomba. Kwenye shingo ya kujazia ya magari mengi kuna mpira mwembamba unaokwenda sambamba na ule mnene. Huo kazi yake ni kutoa hewa wakati unajaza, ili petroli isirudi mdomoni na kuzima pampu ya sheli kila sekunde. Huo unaanzia kwenye tanki na kuishia kwenye shingo ileile, kwa hiyo mfuniko ukifungwa, wote umefungwa. Hausaidii gari kupumua hata kidogo. Mimi mwenyewe nilimwambia yule dereva wa lori, "Lakini bomba la hewa si lile pale?" akacheka tu.

Bomba la hewa la kweli linatoka sehemu ya juu kabisa ya tanki na kuishia nje, hewani. Likiwekwa vizuri linashinda mfuniko wowote: halizibwi na vumbi la mdomoni, mvuke unatolewa mbali na abiria, na unaweza kutumia mfuniko wa kufuli bila wasiwasi. Lipandishe kwanza juu kuliko mdomo wa kujazia, lizungushe kama shingo ya bata, ndipo lishuke na kutokea chini ya gari upande usio na ekzosi. Ukilishusha moja kwa moja kutoka juu ya tanki, siku ukijaza sana na gari likaegeshwa kwenye mteremko, petroli itaanza kutiririka na haitaacha mpaka ishuke chini ya tundu, kama vile mtu anayenyonya kwa mpira. Nimeliona hilo pale Mikindani: dimbwi chini ya pikapu na mvulana anakuja na sigara. Tulipiga kelele wote kwa pamoja.

Mpira uwe wa petroli, wa tundu la milimita 6 hadi 8. Mpira wa maji utalainika, utajibana wenyewe kwenye kona, na utarudi palepale pa kukaba. Mwisho wake ukatwe mshazari na ufungwe kitambaa cha waya chenye matundu madogo, kwa sababu nyigu wa udongo wanapenda sana mabomba ya ukubwa huo. Gari likikaa mwezi mmoja bila kutembea, wanajenga nyumba. Ukipata ile vali ndogo yenye kigololi inayojifunga gari likipinduka, iweke sehemu ya juu ya mzunguko, ikiwa imesimama wima.

Gharama yake ni kulishusha tanki. Tanki tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, maana limebaki na mvuke. Hakuna kutoboa wala kuchomelea kabla halijaoshwa kwa maji na sabuni mara kadhaa na kukaushwa, na kuchomelea apewe fundi anayejua matanki. Kama tanki lako lina kijibomba kilichozibwa kwa skrubu au raba, jishukuru: kuna mtu alikiziba zamani, wewe kizibue tu.

Beetle nyingi za baadaye zimezaliwa na mpango wa namna hii, mipira midogo inayotoka juu ya tanki nyuma ya boneti. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya Beetle, usianze kubadilisha mfuniko. Anza na mipira hiyo, ikikauka inapasuka mahali usipopaona mpaka upapase kwa kidole.

Kopo la mkaa

Magari yaliyouzwa California kuanzia modeli za 1970, na Marekani nzima kuanzia 1971, yalilazimika kuzuia mvuke wa tanki usitoke hewani. Mvuke unapelekwa kwenye kopo lenye mkaa maalumu, unanata humo, na injini ikiwaka inauvuta na kuuchoma. Ni mpango safi kuliko yote niliyotaja. Magari ya kisasa ya petroli karibu yote yanao, kwa hiyo kopo la kutoa kwenye gari la Kijapani lililochinjwa halikosekani.

Ila kulifunga kwenye gari la kabureta kunataka njia ya mvuto kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), yenye kizuizi cha tundu dogo, la sivyo gari litasilensa vibaya, yaani litatetemeka likinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kunataka nafasi ya kutenganisha mvuke na petroli, kwa sababu kopo likilowa petroli limekufa. Kama unalaza gari ndani ya uzio uliogusana na chumba cha watoto, fikiria. Wengine wote bomba la hewa linawatosha.

Nafasi ya kutanukia

Hili halihusu mfuniko, lakini bila hilo mfuniko wowote utamwaga. Matanki yaliyobuniwa vizuri yana nafasi yao: shingo ya kujazia imezamishwa ndani ili hewa ibaki juu, au kuna kitanki kidogo ndani chenye vitundu vinavyojaa polepole. Ukiendelea kutia kidogokidogo baada ya pampu ya sheli kujikata, ndiyo nafasi hiyo unayoiiba. Matanki mengi ya zamani hayana kitu kama hicho, wewe ndiye wa kuiacha. Mimi naacha lita mbili au tatu. Ukijaza halafu ukatoka papo hapo kwenda Lindi, kilomita mia na kitu, hata ukijaza zaidi utakuwa umeshatumia kabla joto halijafanya kazi yake. Ukijaza halafu ukaegesha sokoni saa tano asubuhi, usijaze hivyo.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha ugonjwa ni huu. Gari likikata, usiguse kitu, nenda kafungue mfuniko polepole, uso ukiwa pembeni. Likivuta hewa na kuwaka, umepata. Likiwa halivuti wala halisukumi, na linapona likipoa tu hata bila kufungua, petroli inachemka kwenye bomba karibu na injini. Likizidi kukata kwenye mlima na kufungua mfuniko hakusaidii, tazama chujio na pampu.

Kisha lala chini ya gari utazame juu ya tanki. Kuna bomba linalotokea hewani? Basi mfuniko uliozibwa, na kufuli ukitaka. Hakuna? Wa vali mbili, au wa tundu kama mdomo uko nje na pochi imebana. Hakuna bomba, na mdomo uko ndani ya gari? Tanki litobolewe, liwekwe bomba la hewa, usikwepe. Kitu kimoja tu sikushauri kwa vyovyote: kuutoboa mfuniko wa kufuli kwa msumari. Nimeona watu wanafanya, na wanabaki na ubaya wa tundu bila hata kile kibati cha kuzuia kuchapa.

Mimi nilishusha tanki langu, nikaweka bomba. Ule mfuniko wa kufuli nilikuwa nimeshampa jirani, mzee mwenye Land Rover la inchi 109, kabla sijamaliza kazi. Alikuja siku ya tatu ananishukuru. Tanki lake lilitobolewa bomba la hewa na mwenye gari wa kwanza, na mfuniko ulionikwamisha mimi Mnivata kwake unafunga vizuri sana. Nilipomwomba anirudishie, alitia ufunguo mfukoni.